Stelingi Anayeng'oa Visiki

Nilijichoma sindano kwa sababu ya ngano.

Ilikuwa saa nne usiku, duka nimeshalifunga, nimebaki na pindo la gauni la mpambe wa bi harusi ambalo halipigwi kwa mashine, lazima mkono. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Kwenye kioo, vijana wawili watumwa wamechuchumaa kando ya shamba wakiangalia udongo, na kwenye udongo kuna kijani kidogo kimechomoza. Basi. Hakuna aliyepigwa upanga, hakuna aliyeruka juu ya paa. Ngano imeota. Nikainua macho nione vizuri, sindano ikaingia kwenye kidole gumba, na nikatoa neno ambalo mama yangu hajui kama ninalijua.

Hiyo ni Vinland Saga, msimu wa pili. Ndiyo iliyonifanya nijikague: kati ya anime zote, yaani katuni za Kijapani, nilizotazama miezi hii, kwa nini zilizonishika ni zile ambazo watu wake wana kazi ya kufanya? Mimi ni fundi cherehani. Akija binti dukani kuomba nimfundishe, simwulizi kwanza amesoma wapi. Namkabidhi kitambaa akishike, naangalia mikono. Nimegundua stelingi wa anime naye namchagua hivyohivyo.

Tahadhari kabla sijaendelea: nitamwaga mtama. Ambaye hajazitazama na anataka kuzitazama, aishie hapa, arudi baadaye.

Nieleze pia ninavyotazama, maana kunabadilisha kila kitu. Mchana mashine inaunguruma, mteja anaingia, mwingine anadai suruali aliyoahidiwa Ijumaa. Huwezi kusoma maandishi ya chini huku unapinda mkono wa shati, kitambaa kitakwenda upande. Kwa hiyo mchana natazama zilizoingizwa sauti za Kiingereza, nasikiliza zaidi kuliko kuona, kama redio. Usiku nikifunga natazama za Kijapani, macho yote kwenye kioo, isipokuwa kuwe na pindo la bi harusi. Mdogo wangu wa mwisho ndiye hunihamishia kwenye simu. Sifuati ratiba ya Japani, nasubiri msimu uishe wote, kelele zitulie, ndipo naanza.

Na tumetoka mbali. Nilikulia Morogoro wakati wa vibanda umiza, vile vya kuonyesha video mtaani. Mtoto wa kike hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo Dragon Ball nimeiona kupitia tundu la turubai, jicho moja, miguu ikiwa tayari kukimbia. Sheria tuliyoijua ilikuwa moja: stelingi hafi. Goku alipokufa akipambana na Raditz mtaa mzima ulibishana, wengine wakasema aliyekufa si yeye, wengine wakasema kanda imekatwa. Akarudi. Tukatulia. Stelingi akifa, amekwenda kupumzika tu.

Sasa turudi kwenye ngano. Msimu wa kwanza wa Vinland Saga, sehemu 24 za mwaka 2019, ulitengenezwa na Wit Studio. Wa pili, 24 tena, wa mwaka 2023, ukatengenezwa na MAPPA, lakini mwongozaji akabaki yuleyule, Shuhei Yabuta. Fundi mmoja, cherehani nyingine. Mishono unaitambua. Manga yenyewe, yaani hadithi ya michoro ilikotoka, Makoto Yukimura aliianza mwaka 2005 na kuimaliza mwaka 2025, miaka 20 kwenye kitambaa kimoja, na mimi kuna mteja anayenilalamikia kwa wiki tatu.

Msimu wa kwanza ni kisasi. Thorfinn, mtoto wa Iceland, anaona baba yake akiuawa na kundi la Waviking linaloongozwa na Askeladd, kisha anaishi ndani ya kundi hilohilo miaka na miaka, visu viwili mkononi, akisubiri kupewa nafasi ya kupigana na muuaji huyo mtu kwa mtu. Ukifika sehemu ya 24 Askeladd anakufa kweli, lakini kwa mkono wa Canute, mwana wa mfalme wa Denmark. Thorfinn anabaki amesimama na kisasi kisicho na mwenyewe. Nilidhani msimu wa pili angetafuta adui mwingine. Kumbe ameuzwa utumwani Denmark, kwenye shamba la mtu anayeitwa Ketil, na kazi aliyopewa ni kufyeka msitu.

Anafyeka na Einar, mkulima wa Uingereza aliyetekwa kijijini kwake akauzwa sokoni. Wakishafyeka, wang'oe visiki, walime, wapande, na mavuno yao yatawanunulia uhuru. Sehemu baada ya sehemu ni hiyo. Kamba, shoka, mgongo. Mizizi inagoma. Wanakwenda kuomba farasi, wananyimwa. Mzee Sverkel, baba yake Ketil, mkaidi anayekaa peke yake kwenye nyumba yake ndogo, ndiye anayewaazima kwa sharti kwamba nao wamfanyie kazi zake.

Mdogo wangu alitazama sehemu nne akanitumia ujumbe wa sauti: "Sista, hii ni anime au kipindi cha kilimo cha redio?"

Hajapata kung'oa kisiki, ndiyo maana. Yeye alizaliwa babu ameshazeeka. Sisi wakubwa tulipelekwa Kilosa kila likizo ya Desemba, na katikati ya shamba la babu kulikuwa na kisiki cha mkwaju. Babu alikizunguka kwa jembe, akaianika mizizi, akaikata kwa shoka mmoja mmoja, kisha akakipakizia mavi makavu ya ng'ombe na kuwasha moto usio na haraka, unaotoa moshi mwembamba mchana na usiku. Desemba iliyofuata tulikikuta kimepungua, ila kipo. Tulipanda mahindi kukizunguka. Nilipomwona Thorfinn, mtu aliyewahi kukata shingo za watu kama anakata uzi, akitoa jasho mbele ya kisiki kisichojua yeye ni nani, mgongo wangu mwenyewe uliuma.

Ujanja wa msimu huu ni kwamba haumhubirii. Unampa kazi na kumwacha nayo. Mtu ambaye hakuwahi kuotesha kitu anaotesha kitu, na kwa mara ya kwanza anacho cha kuibiwa. Vibarua huru wa shamba wanaona wivu, wanakuja kuing'oa ngano yao. Hapo ndipo ngumi za zamani zinapomrudia, na usiku wake anaota ameanguka kwenye shimo la wapiganaji waliokufa wanaoendelea kuuana, na aliowaua yeye wanamng'ang'ania miguu. Anaamka ameapa. Mwishoni anakubali kupigwa ngumi 100, akiwa amesimama, bila kurudisha hata moja, ili tu aruhusiwe kuzungumza na Canute ambaye sasa ni mfalme. Anapigwa na kusema hana adui. Maneno hayo baba yake alimwambia akiwa mtoto, na msimu mzima wa kwanza aliyapuuza. Ukitazama kipande hicho peke yake mtandaoni utasema ni mbwembwe. Ukiwa umekaa naye shambani utanyamaza.

Lakini nina kesi na msimu huu, na sijaimaliza. Kesi yenyewe ni Arnheid. Ni mtumwa wa Ketil, anampikia, anamfulia, analala naye kwa sababu hana ruhusa ya kukataa. Mume wake wa zamani, Gardar, anajitokeza akiwa naye amegeuzwa mtumwa na kutoroka, na kuanzia hapo kila mwanamume katika hadithi anajifunza jambo kupitia mwili wa Arnheid. Ketil anampiga na anakufa. Nililia, sikatai. Kisha nikakasirika, maana Thorfinn na Einar walipewa msitu, wakapewa ngano, wakapewa njia ya kujinunua. Arnheid alifanya kazi kuliko wote na hakuna aliyempimia shamba. Labda mtunzi alitaka nikasirike. Bado nimekasirika. Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa zamani wenye kofia za chuma: Bagamoyo si mbali na hapa, na njia ya misafara ilipita kwetu.

Haya, Frieren.

Frieren: Beyond Journey's End inaanzia pale ambapo nyingine zote huishia. Mfalme wa mashetani ameshauawa. Mashujaa wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka 10: Himmel shujaa mwenyewe, Heiter kasisi mlevi, Eisen mbilikimo mwenye shoka, na Frieren mchawi wa kabila la elf, watu wenye masikio marefu wanaoishi maisha yasiyoisha. Yeye ana miaka zaidi ya 1,000. Miaka 10 kwake haifiki hata sehemu moja ya mia ya umri wake. Wanaangalia vimondo pamoja, wanaahidiana kuviangalia tena baada ya miaka 50, anaondoka kwenda kukusanya uchawi, anarudi miaka 50 baadaye, Himmel amekuwa kibabu kifupi chenye upara. Muda si mrefu wanamzika. Kaburini Frieren analia kwa sababu amegundua hakumjua.

Hayo yote yamo kwenye sehemu ya kwanza. Sehemu nne za mwanzo zilionyeshwa kwa mkupuo usiku mmoja, tarehe 29 Septemba 2023, kwenye saa ambazo televisheni ya Nippon huonyesha filamu, na ninaelewa kwa nini: ya kwanza peke yake ingewaacha watu na msiba bila chai.

Kinachobaki ni safari ya pili ya njia ileile, safari hii na Fern, yatima aliyelelewa na Heiter, na Stark, mwanafunzi wa Eisen, kuelekea kaskazini mahali panaposemekana roho za marehemu zinapumzika. Na Frieren, mchawi aliyeua mashetani mengi kuliko yeyote, anatumia muda mwingi kufanya vibarua. Anasafisha ufukwe uliojaa mabaki ya meli. Anatumia miezi kutafuta ua la bluu la kupanda mbele ya sanamu ya Himmel. Malipo yake anayotaka ni uchawi usio na maana: wa kufanya zabibu tamu ziwe chachu, wa kuotesha uwanja wa maua. Asubuhi haamki. Fern anamwamsha, anamvisha, anamchana nywele, kama mama aliyechoka.

Kama fundi, naomba muda kidogo kwa ajili ya nguo. Studio ni Madhouse, mwongozaji wa msimu huu wa kwanza Keiichiro Saito, na mtu fulani mle ndani anajua kitambaa kizito kinavyoanguka. Gauni la Fern lina uzito. Akigeuka ghafla, pindo linachelewa kidogo kumfuata, halafu linatulia. Koti lake jeusi ukilitazama unajua lina bitana. Katuni nyingi zinachora nguo kama rangi iliyopakwa juu ya mwili, hizi zimeshonwa.

Nusu ya pili ilinichosha mwanzoni. Ni mtihani wa kupata daraja la kwanza la uchawi, wa kuanzia karibu na sehemu ya 18 hadi ya 28, wenye washindani wapya kila mlango, na nilishawahi kufanya mitihani ya aina hii na Naruto, yule kijana ninja wa anime ya zamani. Nilikuwa napinda sketi za sare, nasikiliza nusu. Yupo Übel, msichana anayekata chochote anachoweza kukifikiria kuwa kinakatika, na huyo nilimpa sikio, kwa sababu anafikiri kama mkasi. Wengine nimewasahau majina.

Kisha ikaja sehemu ya 28. Aliyefaulu anaruhusiwa kumwomba Serie, mchawi mkuu, uchawi wowote anaoutaka, hata uwe wa hadithi za kale. Wenzake wameshindana hadi kutokwa damu kwa ajili ya nafasi hiyo. Fern amechagua nini? Uchawi wa kufua nguo zikatakata kabisa, zikanukia maua.

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mlinzi akagonga mlango. Hakuna fundi wa nguo duniani asiyeelewa uchaguzi huo. Nimewahi kumwagikiwa chai kwenye lesi ya mteja saa kumi na mbili jioni, harusi kesho yake. Ningeuza nyumba, kama ningekuwa nayo, nipate uchawi wa Fern. Na Frieren akaupokea kama hazina, kwa sababu ndiyo. Miezi ya mtihani mzima ikanyooka nyuma yangu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nimesamehe.

The Apothecary Diaries niliitazama usiku tu, kwa Kijapani, kwa sababu ya sauti ya Aoi Yuki. Anamwigiza Maomao kwa kunong'ona na kuguna, kama mtu anayeongea na sufuria. Maomao ana miaka 17, ni mtengeneza dawa kutoka mtaa wa makahaba, ametekwa na kuuzwa kuwa mtumishi kwenye jumba la wake wa mfalme, katika nchi ya kubuni iliyofanana na China ya kale. Amejichora madoadoa usoni asitamanike. Anajijaribia sumu kwenye mkono wake wa kushoto, ambao ameufunga bandeji. Nimesema naangalia mikono, sivyo? Huo wa Maomao ni daftari.

Kisa cha kwanza kinanitosha kuwaelezeni kwa nini dada zangu wote wanapaswa kuitazama. Watoto wachanga wa mfalme wanakufa, jumba zima linasema ni laana. Maomao anatazama mara moja anajua: ni poda nyeupe ya uso wanayopaka mama zao na walezi wao. Ina madini ya risasi. Anaandika onyo kwenye kitambaa, analifunga kwenye tawi la maua, anawaachia wake wawili wa mfalme dirishani. Gyokuyou anasikia, binti yake anapona. Lihua hasikii, mwanawe anakufa, na hata baada ya hapo mtumishi anaendelea kumpaka poda ileile, kwa sababu anataka bibi yake awe mzuri. Risasi ni risasi, iwe ya bunduki au ya kwenye kopo.

Duka langu lina jirani anayeuza vipodozi. Nimeona mkorogo ukichanganywa kwenye beseni, wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri kama wanasubiri chapati. Habari za zebaki kwenye krimu za kujichubua tumezisikia wote, redioni, hospitalini, kila mahali. Maomao alipompiga kofi mtumishi yule nilitaka kupiga makofi. Sehemu 24 za msimu wa kwanza, kati ya Oktoba 2023 na Machi 2024, zina visa vingine vizuri, hasa kile cha asali na mtoto mchanga, lakini ninapomfikiria Maomao namwona akiwa amekunja mikono mbele ya lile kopo la poda.

Upungufu wake ni Jinshi, msimamizi wa jumba lile. Mrembo, ndiyo, tumeona. Kila akiingia maua yanaanguka kutoka angani. Nikimtazama naangalia mashati yake tu, ambayo nakiri yameshonwa vizuri.

Sasa ugomvi wa nyumbani. Mdogo wangu ni mfuasi wa Solo Leveling. Mwezi Mei 2025 iliposhinda tuzo ya anime bora ya mwaka kwenye tuzo za Crunchyroll, mtandao wa kutazamia anime, kule Tokyo, alinitumia picha ya skrini bila neno hata moja, halafu dakika kumi baadaye akanitumia tena, nisije nikadhani imekosewa.

Nimeitazama misimu yote miwili, sehemu 25 kwa jumla. Sitasema ni mbaya. Muziki wa Hiroyuki Sawano unakufanya ushone haraka, nilimaliza kaptula nne kwa mkao mmoja. A-1 Pictures walioitengeneza wanajua ngumi inavyopaswa kutua. Na mwanzo niliupenda sana: Sung Jinwoo ni mwindaji dhaifu kuliko wote, daraja la E, anaingia kwenye mapango ya majini kwa sababu mama yake amelala hospitalini usingizi usioisha na gharama lazima zilipwe. Huyo namjua. Huyo yupo kila mtaa. Anaponusurika kifo, mfumo fulani kama wa mchezo wa video unampa kazi za kila siku: pushapu 100, kukaa na kuinuka 100, kuchuchumaa 100, kukimbia kilomita 10. Siku ya kwanza anapuuza, anatupwa jangwani na matandu makubwa kama mabasi. Kesho yake anakimbia. Nilimpenda kweli alipokuwa anakimbia.

Kisha akaacha kukimbia mbele yetu. Akapata jeshi la vivuli: kila anayemuua anamwamuru ainuke, anainuka kuwa kibarua wake, asiyekula, asiyelipwa, asiyechoka. Uso ukachongoka, mabega yakapanuka, na kuanzia hapo swali pekee ni adui atachukua dakika ngapi kuanguka.

"Sista, ndiyo raha yenyewe," mdogo wangu anasema. "Mtu amechoka na maisha, anataka kuona mmoja wetu ametoboa."

Hilo nililiwaza siku mbili. Anaendesha bodaboda huku anasubiri ajira, na mimi nina duka. Labda ni rahisi kupenda visiki ukiwa umeshavuna. Na mama yake Jinwoo alipoamka msimu wa pili, tulilia wote wawili, kila mtu kwa simu yake, kila mtu akimficha mwenzake. Kwa hiyo nampa hilo. Vile vivuli sijampa.

Delicious in Dungeon nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu kila nikiieleza nasikia njaa. Dada wa Laios, kiongozi wa kikosi cha wapiganaji, amemezwa na joka, kikosi hakina pesa ya chakula, inabidi washuke pangoni wakila majini wanayoyaua. Senshi, mbilikimo mpishi, ameishi mle zaidi ya miaka 10. Ngao ya chuma adimu ambayo wafalme wangepigania, yeye kaifanya sufuria. Wale majitu wa udongo wanaoponda watu kaotesha mboga migongoni mwao. Anawaua, anavuna, anapanda tena, anawaamsha waendelee kulinda bustani. Studio Trigger, sehemu 24, mwaka 2024. Itazame ukiwa umeshakula.

Dandadan nayo: itazame mlango ukiwa umefungwa. Mama aliingia wakati bibi mmoja wa mizimu anayekimbia kama gari amemwibia kijana sehemu zake za siri, na hakuna sentensi ya Kiswahili wala ya Kiluguru ya kumweleza mama yako jambo hilo. Ila sehemu ya 7 ilimkuta bado amekaa, anachambua mchele. Inaonyesha mzimu wa nywele ndefu ulivyokuwa hai: mama wa mtoto mmoja wa kike, kazi hii, kazi ile, na mwili wake pia, ili amlipie gauni na viatu vyekundu vya kuchezea dansi. Mama hajui Kijapani, hasomi Kiingereza. Aliacha mchele. Alipomaliza akauliza kama wapo wengine wanaotengeneza katuni za namna hiyo, na hajaniuliza tena nitaacha lini.

Imebaki ile ambayo bado sijui niiweke wapi. Orb: On the Movements of the Earth, Madhouse tena, sehemu 25, Oktoba 2024 hadi Machi 2025. Mchora manga yake, Uoto, alipata tuzo kuu ya Osamu Tezuka mwaka 2022 akiwa kijana mdogo kabisa. Ni Ulaya ya karne ya 15, nchi inaitwa tu P. Kuamini kwamba dunia inalizunguka jua ni kosa la kuchomwa moto. Rafal ana miaka 12, ana akili kuliko walimu wake, ameshapanga maisha yake yote kwa hesabu: soma theolojia, kubaliana na wakubwa, pendwa. Halafu mzushi mmoja aitwaye Hubert anamwonyesha hesabu nyingine, nzuri zaidi.

Hapa ndipo kipimo changu cha mikono kilipoanza kuniyumbia. Mtu mwenye kazi kuliko wote katika Orb ni Nowak, mchunguzi wa wazushi. Anang'oa kucha za watu kwa utulivu wa karani anayegonga mihuri. Hana chuki. Kazi ni kazi. Akimaliza ananawa, anarudi nyumbani kwa binti yake, Jolenta, anayempenda sana. Mikono yake ina ustadi, nisiseme uongo. Nilizima simu nikakaa gizani kidogo nikiangalia sindano zangu zilivyopangwa.

Upande wa pili ni wale wanaoangalia nyota. Usiku baada ya usiku wanapima, wanaandika, wanaficha maandishi kwenye sanduku la jiwe mlimani, wanakamatwa. Anayefuata analikuta sanduku, anaongeza kidogo, anakamatwa. Miaka 10 inapita, kisha 25. Hakuna hata mmoja anayeona mwisho. Sikuwa nimemfikiria babu tangu zile ngano za Thorfinn, lakini alinijia tena: kile kisiki cha mkwaju alikimaliza mjomba, mvua mbili baada ya babu kuzikwa, na sasa pale pana mahindi, na watoto wa mjomba hawajui kama palikuwa na kitu.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alipita dukani na mihogo ya kukaanga. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna abiria. Nikamwambia akae, nitamwonyesha kitu, sehemu tatu tu. Alilalamika sehemu ya kwanza kwamba hakuna mapigano. Ya pili, Hubert alipochomwa, aliacha kutafuna. Ya tatu, Rafal akasimama mbele ya mahakama akasema anachoamini, wakamrudisha gerezani, akanywa sumu.

Mvua ikaendelea.

"Stelingi kafa," mdogo wangu akasema.

"Ndiyo."

"Anarudi?"

Nikasita kidogo (mliofika mwisho mnajua kwa nini). "Harudi."

Akachukua simu, akahesabu kwa kidole. "Zimebaki 22. Sasa nani anafanya?"

Nikamkabidhi sketi ya kufumua na kiwembe, nikabonyeza ya nne.